Kasoro za Metali katika Sarafu za Tabora za Mwaka 1916

Neno "hela" twalitumia kila siku, nyumbani, dukani na hata hapa bwenini, lakini ni wachache wanaokumbuka kwamba lilitoka katika sarafu ya Kijerumani iliyoitwa heller. Nchi yetu ilipokuwa koloni la Wajerumani fedha yake ilikuwa rupia, na tangu mwaka 1904 rupia moja iligawanywa katika heller 100. Wajerumani walikwenda zao, shilingi ya Afrika Mashariki ikaja mwaka 1921, na neno likabaki vinywani mwetu. Huku Kasulu na Kibondo hata sarafu zenyewe zimebaki. Nyingine zimefungwa kitambaani ndani ya masanduku ya wazee, nyingine huibuka shambani wakati wa kulima.

Nataka kuwaeleza wanafunzi wenzangu, walimu wetu na wazazi juu ya aina moja ya sarafu hizo, yaani zile zilizopigwa chapa Tabora mwaka 1916. Swali langu ni hili: ikiwa sarafu ina kasoro ndogo katika metali yake, je, daraja lake hushuka mbele ya wakusanyaji? Swali hili si la mchezo. Nimeona kwa macho yangu sarafu za namna hii zikisuguliwa kwa mchanga ili zing'ae, na nyingine zikitupwa katika gunia la vyuma chakavu kwa sababu mwenyewe ameambiwa kwamba ni mbovu. Mtu asiyejua kusoma kasoro huuza kilicho chema kwa bei ya kibaya, tena huharibu kwa mkono wake kile alichotunziwa na babu zake.

1. Kwa nini sarafu zilipigwa Tabora

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, sarafu za koloni zilitengenezwa Ujerumani na kuletwa kwa meli. Vita vilipoanza mwaka 1914, manowari za Waingereza zilifunga njia ya bahari, na sarafu zikaadimika. Serikali ya Kijerumani ilikuwa na askari na wapagazi wa kulipa, na vyakula vya kununua. Ilichapa noti za muda, kisha mwaka 1916 ikaanza kupiga sarafu Tabora katika karakana ya reli. Reli ya Kati ilikuwa imefika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, kwa hiyo mafundi, tanuri na mashine vilikuwapo.

Zilipigwa sarafu za namna tatu. Ya kwanza ni heller 5 ya shaba ya njano. Ya pili ni heller 20, ambayo nyingine ni za shaba ya njano na nyingine za shaba nyekundu. Ya tatu ni rupia 15 ya dhahabu iliyochimbwa Sekenke, yenye picha ya ndovu aliyeinua mkonga mbele ya mlima. Za dhahabu zilikuwa 16,198 tu. Za heller 20 zilikuwa nyingi zaidi, nazo ndizo tunazoziona vijijini. Heller 20 ina upana wa milimita 29 hivi. Upande mmoja una taji, mwaka 1916, herufi D.O.A. na chini yake herufi T, yaani Tabora. Upande wa pili una namba 20 na neno HELLER ndani ya shada la majani.

Mwezi Septemba mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliyotoka Kongo yaliiteka Tabora, na kazi ile ikakoma. Basi sarafu hizi ni za miezi michache tu, za wakati wa shida, zilizotengenezwa kwa metali ya kuokoteza kama vile maganda ya risasi na mabaki ya karakana. Kasoro zake nyingi zatokana na hali hiyo.

2. Jinsi sarafu inavyozaliwa

Sarafu hupita hatua tano. Kwanza metali huyeyushwa. Pili humiminwa ikawa mche. Tatu mche hukandamizwa ukawa bamba. Nne bamba hukatwa vipande vya mviringo, ambavyo bado havina picha wala maandishi. Tano kila kipande huwekwa katikati ya mihuri miwili ya chuma cha pua na kugongwa kwa nguvu, ndipo picha hutokea pande zote mbili. Kila hatua yaweza kuacha kasoro yake.

Tulio katika Kidato cha Nne tutaelewa upesi taabu ya hatua ya kwanza. Shaba ya njano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Shaba nyekundu huyeyuka kwenye nyuzi 1,085 za Selsiasi. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420, na ikifika nyuzi 907 huchemka na kuondoka kama mvuke, ambao hugeuka moshi mweupe hewani. Maana yake ni kwamba fundi akizidisha moto, zinki humtoroka, na mchanganyiko wa chungu hiki hauwi sawa na wa chungu kile. Tena maganda ya risasi na mabaki ya karakana huja na uchafu wake. Uchafu huo na hewa iliyonaswa ndani ya mche havipotei mche unapokandamizwa. Hulala ndani ya bamba kama tabaka jembamba, vikingoja siku ya kujitokeza.

3. Kasoro tano na jinsi ya kuzitambua

(a) Gamba. Ngozi ya juu ya sarafu hubanduka kama ganda la mti, kwa sababu ya uchafu uliolala chini yake. Gamba likitoka kabla ya sarafu kugongwa, picha huonekana hata ndani ya shimo lake, ingawa kwa unyonge. Likitoka baada ya kugongwa, picha hapo haipo kabisa, na chini huonekana michirizi ya metali iliyoelekea upande mmoja.

(b) Ufa wa kipande. Huanzia ukingoni na kuingia ndani. Hutokea metali ikiwa ngumu au imekauka mno wakati wa kukandamizwa.

(c) Pengo la ukingoni. Mashine ya kukata ikiangukia mahali ambapo bamba limekwisha kukatwa, kipande hutoka na pengo la nusu mwezi. Ukitazama ukingo ulio mkabala na pengo hilo, aghalabu utaukuta dhaifu, kwa maana metali haikupata kubanwa sawasawa. Pengo lililokatwa kwa tupa na mtu mwongo halina dalili hiyo.

(d) Vitundu na michirizi ya rangi. Vitundu hutokana na hewa. Michirizi hutokana na metali zisizochanganyika vizuri. Lakini tahadhari: vitundu vingi vidogo pande zote mbili, pamoja na mshono kuzunguka ukingo, ni dalili ya sarafu ya bandia iliyomiminwa katika kalibu badala ya kugongwa.

(e) Mstari ulioinuka. Huu si ugonjwa wa metali ya sarafu. Ni ufa wa muhuri. Muhuri ukipasuka, metali huingia katika ufa wake na kutokea juu ya sarafu kama mshipa wa mkono. Kanuni yake ni nyepesi: mstari ulioinuka juu ya uso wa sarafu ulitoka katika muhuri, na mkwaruzo ulioingia ndani, wenye kingo kali zilizosukumwa juu, uliletwa na kisu, msumari au jembe.

4. Madaraja hupangwaje

Mwaka 1949 Mmarekani William Sheldon alitoa kipimo cha namba 1 mpaka 70 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za nchi yake. Fikra yake ilikuwa kwamba sarafu ya daraja la 70 iwe na thamani mara sabini ya ile ya daraja la 1. Bei ziliacha zamani kufuata hesabu hiyo, walakini namba zimebaki, nazo leo hutumika kwa sarafu za nchi nyingi. Yako makampuni Marekani, kama PCGS lililoanza mwaka 1986 na NGC lililoanza mwaka 1987, ambayo hukagua sarafu, huipa namba na kuifungia katika kikasha cha plastiki.

Namba 1 ni sarafu iliyochakaa hata yatambulikana kwa shida. Namba 12 mpaka 15 ni nzuri kiasi. 20 mpaka 35 ni nzuri sana. 40 na 45 ni yenye uchakavu kidogo tu. Kuanzia 60 mpaka 70 ni sarafu ambayo haikupata kutumika sokoni. Jambo kuu linalopimwa ni uchakavu, yaani jinsi vidole na mifuko vilivyoila picha.

Sasa tufike penye swali letu. Kasoro iliyozaliwa pamoja na sarafu hupimwa hivi. Ikiwa ni ndogo na iko pembeni, namba haibadiliki, au hushuka kidogo tu, hasa kama sarafu yenyewe imekwisha kutumika. Ikiwa yaonekana upesi kwa macho, tena iko mahali pa maana kama juu ya taji au tarakimu za mwaka, hushusha daraja zaidi, na kwa sarafu za 60 kwenda juu hushusha kwa ukali. Ikiwa ni kubwa ya kustaajabisha, huandikwa kuwa kosa la kiwandani, na wako watu wanaotafuta makosa hayo na kuyalipia zaidi.

Lakini jeraha lililopatikana baada ya sarafu kuzaliwa halipimwi hivyo. Sarafu iliyotobolewa ili ivaliwe shingoni, iliyokwaruzwa, iliyopindwa, na hasa iliyosuguliwa, makampuni hayo hayaipi namba ya kawaida hata kidogo. Huandikiwa tu kwamba ni ya kweli na kwamba imeharibika kwa sababu fulani, na bei yake huanguka.

Mfano wake tunao majikoni mwetu. Mama akichagua maharage hatupi punje kwa sababu ina madoa, kwa kuwa madoa ni ya mbegu yake. Hutupa ile yenye tundu, kwa kuwa tundu ni la mdudu. Vivyo hivyo mwenye kupanga daraja la sarafu huuliza kwanza: alama hii ni ya mbegu au ni ya mdudu?

Jambo jingine ni kwamba kila sarafu hupimwa kwa desturi ya mahali ilipozaliwa. Sarafu ya leo ya shilingi 500, iliyotolewa mwaka 2014, ni chuma kilichopakwa nikeli katika kiwanda chenye mitambo ya kisasa. Lengelenge chini ya nikeli yake ni ajabu. Heller 20 ya Tabora yenye picha hafifu upande mmoja, au yenye gamba dogo, si ajabu. Mkusanyaji azijuaye sarafu hizi hutazamia ukali huo, na hata hutofautisha mihuri yake, kwa maana ziko zenye taji kubwa na zenye taji dogo, na herufi L za HELLER nyingine zina ncha kali na nyingine zina ncha zilizopinda.

5. Sarafu tatu za bibi

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Kibondo. Bibi yangu anazo heller 20 tatu za shaba ya njano alizoachiwa na baba yake. Siku ya gulio alipita mnunuzi mmoja, akazitazama. Moja, iliyong'aa sana, aliisifu na kutaja bei. Mbili alizitupa juu ya mkeka akasema, "Hizi mbovu, mama. Moja imebanduka, nyingine ina ufa. Nitakupimia pamoja na vyuma chakavu." Bibi alikuwa akitafuta fedha za sare ya mdogo wangu, na alikuwa karibu kukubali zote tatu.

Nikamwomba bibi asubiri mpaka jioni. Nilikuwa na lenzi ya mkononi, nikazikagua moja moja penye mwanga wa jua. Ile iliyobanduka ilikuwa na gamba karibu na shada, na ndani ya shimo niliona majani ya shada yakiendelea kwa unyonge. Basi gamba lilitoka kabla ya kugongwa. Ni alama ya kuzaliwa. Ile yenye "ufa" ilikuwa na mstari kutoka kwenye taji mpaka ukingoni, nao nikipitisha ukucha niliusikia umeinuka. Ni ufa wa muhuri. Sarafu zote mbili zilikuwa na rangi ya kahawia iliyotulia, na majani ya shada yalihesabika.

Ile iliyong'aa ndiyo iliyokuwa na msiba. Mjomba alikuwa ameisugua kwa mchanga na ndimu ili ipate bei. Chini ya lenzi uso wake wote ulikuwa na mikwaruzo myembamba iliyokwenda huku na huku, na ncha za taji zilikuwa zimelainika. Nilipomweleza bibi, alicheka akasema, "Kumbe, mjukuu wangu, mgonjwa ni huyu aliyepakwa mafuta!" Kesho yake alimwambia mnunuzi kwamba haziuzi kwa mizani. Sare ilinunuliwa kwa debe mbili za maharage, na zile sarafu zimo sandukuni, kila moja katika karatasi yake.

6. Mambo ya kufanya na ya kuacha

Usiisugue sarafu ya zamani kwa kitu cho chote, wala majivu, wala mchanga, wala ndimu, wala stiliwaya. Rangi ya kahawia ni ngozi inayoilinda metali, ukiiondoa hairudi. Ikiwa ina udongo, ilowe katika maji safi, kisha ibonyeze kwa kitambaa laini bila kuisugua.

Ishike kwa ukingo, maana jasho la vidole huacha alama. Ihifadhi mahali pakavu, katika karatasi safi, mbali na sarafu nyingine zisigongane. Andika mahali ilipopatikana na ilitoka kwa nani. Maandishi hayo machache ni historia ya kijiji, na sarafu isiyo nayo ni bubu.

Ukiletewa "rupia ya dhahabu" usifurahi upesi, kwa maana ndovu wa Tabora ameigwa sana. Maabara yetu yaweza kukusaidia kwa kanuni ya Archimedes. Pima uzito wa sarafu hewani, kisha ipime ikiwa imening'inizwa ndani ya maji, na ugawe uzito wa hewani kwa uzito uliopungua. Mathalan, sarafu ya gramu 10.2 ikipungua gramu 1.2 majini, jawabu ni 8.5, nayo ni shaba ya njano. Shaba nyekundu hutoa 8.9 hivi. Ndovu wa kweli ana dhahabu sehemu 750 katika 1,000, kwa hiyo jawabu lake haliwezi kuwa chini ya 14. Akitoa 8.5, huyo ni ndovu wa shaba, hata angeng'aa vipi.

Mwisho, wako watu wanaosema kwamba rupia ya Mjerumani ina nguvu za siri, na kwa maneno hayo wengi wametapeliwa mali zao. Sarafu haina nguvu yo yote zaidi ya habari iliyomo ndani yake. Habari hiyo ni ya mafundi waliofanya kazi usiku na mchana katika karakana ya reli, wakiyeyusha maganda ya risasi, na ya wapagazi waliolipwa kwa vipande hivyo wakavirudisha nyumbani. Gamba, ufa na pengo ni sehemu ya habari ile.

7. Zoezi

1. Kwa nini ni vigumu kuyeyusha shaba ya njano bila kubadili mchanganyiko wake?
2. Sarafu ina shimo la gamba, na ndani ya shimo picha yaonekana kwa unyonge. Gamba lilitoka lini?
3. Sarafu mbili zina mistari. Mmoja umeinuka, mwingine umeingia. Upi ni wa muhuri?
4. Sarafu ya gramu 11.6 yapungua gramu 1.3 majini. Ni ya metali gani?
5. Waulize wazee wa nyumbani kwenu kama wanazo sarafu za zamani. Zichore pande zote mbili, uonyeshe kila alama, na ueleze kama ni ya kuzaliwa au ni jeraha.

Atakayefanya zoezi la tano na alete mchoro wake darasani muhula ujao. Yafaa tujue ni sarafu ngapi za Tabora zilizobaki katika vijiji vyetu kabla hazijaishia katika gunia la chakavu.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne